Watoto wanne juu ya pikipiki moja? Heri magurudumu matatu

Hebu simama kando ya barabara yoyote ya mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya shule, kisha uhesabu. Haitapita dakika tano kabla hujaona pikipiki moja iliyobeba watoto wanne. Mmoja ameketi juu ya tangi la mafuta mbele ya dereva, watatu wamebanana nyuma, na mikoba inaning'inia huku na huku. Hakuna hata mmoja aliyevaa kofia ngumu. Wa mwisho kabisa amekalia chuma cha keria, mkono mmoja umeshika shati la mwenzake na mwingine umeshika mkebe wa chakula.

Msomaji mpendwa, siandiki haya ili kumhukumu mtu. Mimi nimewahi kuwa mzazi wa huyo mtoto wa mwisho.

Ilikuwa siku ya Jumanne. Binti yangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka sita, aliteremka upande usiofaa mbele ya lango la shule, na shavu la mguu wake wa kulia likagusa bomba la moshi, lile ambalo sote huliita ekzosi. Mwanamke mmoja mwema aliyekuwa karibu alikimbilia dukani akanunua dawa ya meno na kumpaka. Tulipofika zahanati, muuguzi alitumia muda mrefu kuitoa ile dawa ya meno kuliko aliotumia kukitibu kidonda chenyewe. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Kovu lipo hadi leo, lina ukubwa wa yai la kuku.

Jioni hiyo kijana wa bodaboda alikuja nyumbani kumjulia hali mtoto, ameshika pakiti ya biskuti. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, lakini maneno yaliniishia kinywani. Ni mimi niliyekuwa nikimlipa kila mwisho wa mwezi, huku nikijua fika kwamba anawachukua watoto wengine watatu katika safari iyo hiyo. Nilikubali kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Sheria ya barabarani ya Kenya inaruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja tu. Nilikuwa nikiilipia makosa kila mwezi, na mwanangu ndiye aliyetozwa faini.

Kabla sijaendelea, acha nikupe ushauri ambao natamani tungekuwa nao asubuhi ile. Mtoto akiungua, weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka, kwa dakika 20. Usitumie barafu, usipake dawa ya meno, siagi, asali wala yai. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichonata na umpeleke mtoto kwa daktari. Maji peke yake hupunguza kina cha kidonda.

Tulifikaje hapa?

Wenye umri kama wangu wanakumbuka kwamba bodaboda ilianza kama baiskeli. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walibeba abiria kwenye keria ya nyuma, na jina lenyewe limetokana na safari hizo za kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Mwaka wa 2008 serikali iliwaondolea wanunuzi wa pikipiki ndogo, zisizozidi cc 250, ushuru wa VAT. Muda si muda pikipiki zikajaa kila kijiji na kila mtaa. Zimewapa vijana kazi, na usiku wa manane zimewafikisha wajawazito wengi hospitalini. Hilo siwezi kulikana.

Lakini pikipiki haikutengenezwa kubeba watoto wanne. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka wa 2023, lilisema kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani kote ulimwenguni, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuwaua watoto na vijana wenye umri wa kati ya miaka 5 na 29. Si malaria, si UKIMWI. Barabara! Tena, uchunguzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya mwendeshaji wa pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwani kwa asilimia 69. Sasa jiulize, ni nani amewahi kuona pikipiki yenye kofia ngumu nne za watoto?

Mimi na mke wangu tulikaa chini tukazitazama njia zilizobaki. Gari hatuna. Basi la shule lilitaka fedha ambazo hatukuwa nazo. Tuktuk, ambazo hapa Mombasa ndizo nyingi, asubuhi nazo hubeba watoto wakining'inia milangoni. Kutembea kulifaa kwa yule mkubwa, lakini kutoka kwetu Tudor hadi shuleni ni karibu kilomita mbili na nusu, na kitinda mimba wetu wa miaka mitatu anayesoma chekechea angefika akiwa amechoka kabla ya somo la kwanza. Ndipo nilipopata wazo la baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku la kubebea watoto mbele.

Si kitu kigeni

Mke wangu alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Baba watoto," akaniambia, "majirani watasema umeanza kuuza aiskrimu."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyodhani. Kule Uholanzi, mwanzoni mwa karne iliyopita, baiskeli za namna hii zilikuwa za waoka mikate na wauza maziwa. Ilipofika mwaka wa 1984, fundi mmoja wa mtaa wa Christiania mjini Copenhagen, Denmark, aitwaye Lars Engstrøm, alitengeneza ya kwake yenye sanduku mbele, na kwa miaka iliyofuata wazazi wa mji huo wakaona kwamba sanduku linalobeba bidhaa laweza pia kubeba watoto. Leo, huko, mzazi anayewapeleka wanawe shuleni kwa baiskeli ya sanduku hatazamwi mara mbili.

Na sisi je? Muuza aiskrimu wa mtaani amekuwa akiendesha magurudumu matatu tangu tukiwa watoto. Wenzetu walemavu wamekuwa wakiendesha magurudumu matatu ya kusukumwa kwa mikono, na mafundi wetu wa jua kali wanajua kuyatengeneza na kuyakarabati. Kwa hivyo ujuzi upo na chuma kipo. Kinachokosekana ni kuamini kwamba kitu hicho chaweza kumfaa mtu aliyevaa suruali ya ofisini.

Nami nakiri kwamba aibu ndiyo iliyonichelewesha. Mjini tumefundishwa kwamba maendeleo ni kutoka miguuni hadi baiskeli, kutoka baiskeli hadi pikipiki, kutoka pikipiki hadi gari, na anayerudi nyuma amefilisika. Wiki ya kwanza nilipita barabara za nyuma si kwa sababu ya usalama bali ili nisionekane na wafanyakazi wenzangu. Mtoto wangu wa miaka mitatu ndiye aliyenitibu ugonjwa huo. Alikuwa akiwapungia mkono watu wote, pamoja na mkubwa wangu wa kazi.

Fundi na mifuko ya mchanga

Sasa, msomaji, usikimbie kununua kabla hujasoma sehemu hii. Baiskeli ya magurudumu matatu ina hatari zake, nami nilizijua kwa bahati njema.

Fundi wangu ni hodari wa kuchomelea vyuma, lakini hakuwa amewahi kutengeneza chombo cha kubeba watu. Ya kwanza aliyonitengenezea ilikuwa na magurudumu mawili ya mbele yaliyokaribiana mno, na sanduku limewekwa juu, karibu na kifua changu, ili watoto "waone vizuri." Kabla ya kupakia mtoto yeyote tulipakia mifuko miwili ya mchanga, kila mmoja ukiwa na uzito wa mtoto. Kwenye kona ya kwanza, mbele ya karakana, gurudumu la ndani liliinuka, nami na mchanga wangu tukaenda chini. Vijana wa karakana walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza ni nani angekuwa ndani ya sanduku lile.

Baiskeli ya kawaida hulala upande unapokata kona, na kulala huko ndiko kunakoishikilia barabarani. Ya magurudumu matatu hailali. Ukiingia kona kwa kasi, uzito wote hutupwa upande wa nje. Dawa yake ni tatu. Magurudumu ya mbele yawe yameachana vya kutosha. Sanduku liwe chini kadiri iwezekanavyo, watoto wakae karibu na ardhi na si juu yake. Na mwendeshaji apunguze mwendo kabla ya kona, uwe sawa na wa mtu anayetembea, huku akiegemeza mwili wake upande wa ndani. Fundi aliivunja ile ya kwanza akaijenga upya, na ya pili ndiyo tunayotumia.

Mambo mengine ya kukagua ni haya:

Breki. Ziwe kwenye magurudumu yote mawili ya mbele, na zivute kwa nguvu sawa, la sivyo chombo kitageukia upande mmoja ukikanyaga kwa ghafla. Ya nyuma iwe na breki yake peke yake. Pawe pia na kifungo cha kuzuia chombo kisitembee kinaposimama, kwa sababu watoto hupanda na kushuka wakati ambapo wewe umeshika mikoba.

Sanduku. Kingo zake zimfikie mtoto kifuani anapoketi. Kila mtoto awe na mkanda wake. Hakikisha kwamba hakuna mwanya wowote ambao kidole au mguu waweza kupenya ukafika kwenye spoki. Madaktari wetu wanawajua vizuri watoto ambao visigino vyao vimenaswa na spoki za baiskeli, na majeraha hayo huchukua wiki nyingi kupona.

Kofia ngumu. Kila mtoto na mwendeshaji. Ukubwa uwe wake, si wa kaka yake.

Kuonekana. Kwa kuwa watoto wanakaa chini, dereva wa lori huenda asiwaone. Weka fimbo ndefu yenye kibendera, taa mbele na nyuma, na vibandiko vinavyoakisi mwanga kila upande.

Kivuli. Jua la Pwani halina huruma. Tuliweka turubai jepesi juu na kuacha pande wazi ili upepo upite. Chupa ya maji ya kunywa haikosi.

Umri. Mtoto mchanga asibebwe. Ngoja mpaka atimize angalau mwaka mmoja, awe anakaa imara bila kuegemezwa, na shingo yake iweze kuubeba uzito wa kofia ngumu.

Tena, chombo chenyewe kikiwa kitupu chaweza kufika kilo 40 au zaidi. Ongeza watoto wawili na mikoba. Ikiwa unakaa mahali penye milima, kama sehemu nyingi za Nairobi, utaweza kupanda kwa shida na kuteremka kwa hatari, na kuteremka ndiko kubaya zaidi. Huko utahitaji gia za kutosha, na pengine mota ndogo ya umeme, pamoja na breki madhubuti kuliko zangu. Kisiwa cha Mombasa, Malindi na sehemu nyingi za Kisumu ni tambarare, na hapo ndipo chombo hiki kinapofaa hasa.

Faida kwa mwili

Hii ni kurasa ya afya, basi tuseme na ya mwili. WHO inashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Wengi wetu tunaofanya kazi za kuketi hatuzipati, na tunajua matokeo yake: shinikizo la damu, kisukari na tumbo linalotangulia mwenyewe mlangoni. Kwenda shuleni kunanichukua dakika 20, na kurudi dakika 20 nyingine. Kwa siku tano hizo ni dakika 200, na bado sijaingia katika chumba chochote cha mazoezi cha kulipia. Sikuwa nimepanga kupungua, lakini mshipi wangu umeingia tundu la pili.

Hata hivyo tusijidanganye. Anayefanya mazoezi ni anayekanyaga pedali, si aliyeketi sandukuni. Watoto wa umri wa kwenda shule wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuutumia mwili kila siku. Kwa hivyo binti yangu, ambaye sasa ana miaka minane, hupanda sandukuni asubuhi tukiwa na haraka, lakini jioni hutembea kando yangu mpaka achoke mwenyewe. Atakapofikia umri wa kuendesha baiskeli yake, sanduku litakuwa la mdogo wake peke yake. Chombo kizuri cha kubebea mtoto ni kile ambacho mtoto hukiacha akikua.

Jambo jingine ni moshi. Mtoto aliyeketi chini yuko sawasawa na mabomba ya moshi ya magari. Ukimpitisha kwenye barabara kuu katikati ya matatu na malori, umemtoa kwenye hatari moja ukamtia katika nyingine. Ndiyo maana hatupiti Jomo Kenyatta wala Digo Road. Tunapita vichochoro vya ndani, hata kama safari inarefuka kwa dakika nne. Daraja la Nyali na barabara ya Makupa sivikaribii na watoto kamwe. Kama shule ya mwanao iko ng'ambo ya barabara kuu isiyo na njia ya baiskeli, nakwambia wazi: usinunue chombo hiki. Tafuta basi, au tembeeni kwa kikundi pamoja na mtu mzima.

Deni la wakuu wetu

Hapo ndipo ninapowageukia viongozi. Mzazi hapaswi kuwa shujaa ili mtoto afike shuleni. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti yake ya usafiri kwa ajili ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ni ahadi nzuri, lakini ahadi haina kingo za saruji za kuzuia matatu. Barabara ya Thika, iliyokamilika mwaka wa 2012, ilijengwa pamoja na njia za baiskeli. Anayezipita leo hukutana na vibanda vya biashara, magari yaliyoegeshwa na pikipiki zinazokimbia kinyume.

Sidai mambo makubwa. Nadai kwanza kwamba mwendo wa magari karibu na kila shule usizidi kilomita 30 kwa saa, kama WHO inavyoshauri mahali ambapo magari huchanganyika na watu wa miguu, na matuta yajengwe ili sheria ijisimamie yenyewe. Pili, kila barabara mpya ya mjini iwe na njia ya pembeni yenye upana wa kupitisha chombo cha magurudumu matatu, pia kwa ajili ya walemavu ambao wamekuwa wakiingoja miaka yote hii. Tatu, shule zitenge mahali penye kivuli pa kuegesha baiskeli. Shule yetu ilikuwa na mahali pa magari ya walimu peke yake, mpaka wazazi watatu tulipoandika barua.

Naam, watatu. Gharama yangu ilikuwa sawa na pesa nilizokuwa nikimlipa kijana wa bodaboda kwa muda wa miezi minane hivi, na yule fundi wa mifuko ya mchanga amekwisha kutengeneza mbili zaidi, safari hii bila kuangusha mtu. Yule kijana naye bado ni rafiki yetu. Humbeba mke wangu anapochelewa kazini, abiria mmoja, kofia ngumu kichwani.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kesho asubuhi, mzazi mwenzangu, mtoto wako anapopanda chochote kile kinachompeleka shuleni, toka nje umtazame mpaka apotee machoni. Hesabu wako wangapi. Tazama mguu wake ulipo na bomba la moshi lilipo. Huenda ukaamua kama nilivyoamua mimi, huenda ukapata njia nyingine iliyo bora zaidi. Lakini usingoje kovu ndilo likushauri.